Shokapu Moja au Mbili? Kuchagua Baiskeli ya Vijia vya Msituni

Watu wengi wanaotaka kuanza kuendesha baiskeli msituni huanza kwa kuuliza bei na uzito, kisha wanaishia kwenye swali ambalo kila muuzaji ana jibu lake tayari: nichukue yenye shokapu ya mbele tu, au yenye shokapu mbele na nyuma? Swali ni zuri. Shida ni kwamba hujibiwa kabla msitu wenyewe haujaangaliwa. Hapa nitazilinganisha baiskeli hizi mbili kwa yale yanayompata mtu akiwa juu ya siti: mizizi, mawe, mlima, kona, tope, na ile saa ya tatu ambapo mgongo unaanza kulalamika. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa vijia vingi vya udongo na mizizi, baiskeli ya shokapu moja iliyofungwa matairi mazuri na breki za uhakika itakupa raha kuliko ya shokapu mbili ambayo mtengenezaji amebana matumizi kila mahali pengine ili aweze kuiweka hiyo shokapu ya pili. Ziko hali ambazo mambo yanageuka, nazo nitazieleza.

Ninaposema "shokapu moja" nazungumzia baiskeli yenye fremu ngumu nyuma na shokapu kwenye gurudumu la mbele. "Shokapu mbili" ni ile ambayo fremu yake imegawanyika kwa viungo, na shokapu nyingine imekaa katikati ili gurudumu la nyuma liweze kupanda na kushuka lenyewe.

Kwanza, msitu gani?

Kuna misitu miwili inayojulikana sana na waendesha baiskeli ambayo inaonyesha tofauti hii vizuri. Whakarewarewa, kando ya mji wa Rotorua huko New Zealand, una udongo wa asili ya volkano. Mvua ikinyesha, maji hupenya haraka, na vijia vyake vingi ni laini, vimejaa kona ambazo unalaza baiskeli na kupita bila kupunguza mwendo sana. Coed y Brenin, huko Wales, nao una miti mirefu na kivuli kizuri, ila vijia vyake vinajulikana kwa mawe: mabamba, ngazi za miamba, mawe yaliyopangwa ili njia isiliwe na maji. Kwenye picha misitu yote miwili ni ya kijani na inavutia. Chini ya tairi ni vitu tofauti kabisa. Anayeendesha kwenye udongo laini akiwa na shokapu kubwa ya nyuma anasukuma uzito asiouhitaji, na anayeshinda kwenye mawe akiwa na fremu ngumu atakuwa anapigwa siku nzima.

Kwa hiyo kabla ya kufungua pochi, tembea kwa miguu kipande cha kijia unachotarajia kukiendesha mara nyingi. Nasema mara nyingi, maana wengi hununua baiskeli ya kijia wanachokiota, kile watakachofika mara moja kwa mwaka, halafu wiki zote nyingine wanaisukuma mahali isipofaa. Angalia mizizi: imeinuka kiasi gani, imekaa mmoja mmoja au imefuatana bila nafasi ya kupumua? Angalia mawe: yameshikwa na udongo au yanayumba ukiyakanyaga? Angalia miteremko: unaweza kushuka ukiwa umesimama wima, au unalazimika kushika mti? Vibao vya rangi vinasaidia pia. Mara nyingi kijani ni rahisi, buluu ni wastani na nyeusi ni ngumu, na Uingereza huweka nyekundu kati ya buluu na nyeusi. Lakini usiviamini kupita macho yako, kwa sababu buluu ya msitu mmoja inaweza kuwa ngumu kuliko nyeusi ya kwingine.

Mizizi ikiwa ya unene wa kifundo cha mkono, udongo umeshikamana, na miteremko haikufanyi usimame kufikiri, shokapu moja inatosha na kubaki. Mawe yakiwa mfululizo kwa mamia ya mita, na kuna mahali pa kudondoka kwa kimo cha goti, mjadala umekwisha: chukua mbili.

Mzizi mmoja, baiskeli mbili

Tuuchukue mzizi mmoja tu, umekatiza kijia, na wewe unakuja kwa kilomita 15 kwa saa.

Kwenye shokapu moja, gurudumu la mbele linaupanda mzizi, shokapu inazama, mikono inasikia mguso mdogo tu. Karibu theluthi moja ya sekunde baadaye gurudumu la nyuma linafika palepale, na huko hakuna kitu cha kuzama isipokuwa tairi. Fremu yote inarushwa juu. Ukiwa umekaa, siti inakupiga na uti wa mgongo unapokea. Ukiwa umenyanyuka kidogo, magoti na viwiko vimekunjika, baiskeli inapanda hadi kwenye miguu yako, miguu inakunjika, kisha inajinyoosha, na kichwa chako hakijasogea. Miguu ndiyo shokapu ya nyuma ya baiskeli hii. Ndiyo maana anayejifunzia juu yake huwa anakuwa mwepesi: baada ya muda anaiona mizizi kabla haijafika, anaivuta baiskeli kidogo juu, na gurudumu la nyuma linapita likiwa halina uzito.

Kwenye shokapu mbili, gurudumu la nyuma linapanda mzizi peke yake huku fremu ikiendelea kusonga mbele. Tairi linarudi ardhini mapema na linaendelea kushika. Hapo ndipo thamani yake kubwa ilipo, hata kuliko ule ulaini ambao watu husifu dukani. Tairi lililo hewani halishiki, halisukumi na halifungi breki. Kwenye mizizi kumi iliyofuatana, gurudumu la nyuma la shokapu moja linadunda na kupoteza ardhi mara kadhaa, wakati la shokapu mbili linagusa chini karibu muda wote.

Kuna mzizi ambao hakuna shokapu inayokuokoa: ule uliolowa, umelala mshazari kwenye ubavu wa mteremko. Huo unateleza kama sabuni. Dawa ni kuukata kwa pembe mraba kadiri kijia kinavyoruhusu, kuachia breki kabla ya kuugusa, na kuacha usukani utulie. Ukifunga breki ya mbele juu yake utaanguka, uwe na shokapu moja, mbili au hakuna kabisa.

Kupanda mlima

Hapa watu hukosea kwa kudhani jibu ni jepesi. Kweli, shokapu mbili ina uzito zaidi. Viungo, beringi na shokapu yenyewe kwa kawaida huongeza kilo moja na nusu hadi mbili na nusu ukilinganisha na baiskeli ya daraja lile lile. Kweli pia kwamba ukikanyaga pedali kwa nguvu, hasa ukiwa umesimama, fremu inaweza kuinama na kuinuka, na sehemu ya nguvu yako inaishia humo. Watengenezaji wameweka kitasa cha kuikaza shokapu kwa ajili ya hilo. Kwenye barabara ya magari ya msitu iliyotulia, shokapu moja hupanda kwa raha: unakanyaga, inakwenda.

Lakini mlima wa msituni mara nyingi si barabara. Ni kijia chembamba chenye mizizi iliyojipanga kama ngazi, na hapo gurudumu la nyuma la shokapu moja hugonga, linateleza, unapoteza mwendo, unaweka mguu chini. Mwenye shokapu mbili anabaki ameketi, anaendelea kukanyaga, na tairi linatambaa juu ya kila kitu. Kama vilima vyako ni vya namna hiyo, uzito wa ziada unalipwa na kushika ardhi.

Kwa hiyo usiulize tu kama utapanda milima. Uliza utaipandia njia gani.

Kushuka, na uchovu

Kushuka, shokapu mbili inashinda. Inakuruhusu kukosea kidogo: ukichagua mstari mbaya, inameza. Shokapu moja ikizama mbele, pua ya baiskeli inashuka wakati nyuma imebaki juu, na uzito wako unasogezwa kuelekea usukani pale usipotaka. Ndiyo maana baiskeli nyingi nzuri za shokapu moja huishia kwenye shokapu ya mbele inayoweza kuzama milimita 120 hadi 140; ukizidisha sana, ule mzamo wa mbele unakuwa mkubwa mno. Shokapu mbili za vijia vya kawaida huwa na milimita 120 hadi 150, na zile za miteremko mikali zaidi hufika 160 au 170. Zile za milimita 200 ni za mashindano ya kushuka tu na hazina raha yoyote kwenye tambarare.

Uchovu ndio jambo ambalo majaribio ya nusu saa hayaonyeshi. Kwa saa moja na nusu kwenye kijia cha wastani, tofauti ni ndogo. Ikifika saa ya nne, miguu iliyokuwa ikifanya kazi ya shokapu inachoka, unaanza kukaa kwenye siti mahali ulipopaswa kusimama, na makosa huzaliwa hapo. Mtu mwenye maumivu ya mgongo wa chini, au anayependa kutoka asubuhi na kurudi jioni, ana sababu ya haki ya kuchukua shokapu mbili hata kama kijia chake si kigumu.

Historia iko upande wa matairi na breki

Mwaka 1976, kwenye vilima vya Marin huko California, Marekani, kundi la vijana walianza kushindana kushuka kwa baiskeli nzito za zamani, nyingi zikiwa na fremu za kampuni ya Schwinn za miaka ya 1930 na 1940. Hapakuwa na shokapu. Kilichowafanya wazitafute fremu zile ni kwamba zilikubali matairi manene ya zaidi ya inchi mbili. Na kilichowashinda kwanza kilikuwa breki: zile zilizo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, za kukanyaga pedali kinyumenyume, zilipata moto hadi grisi ya ndani ikaungua na kutoa moshi, na baada ya mshuko kitovu hicho kilibidi kifunguliwe na kupakwa grisi upya. Wakahamia breki za ngoma na mikono ya breki ya pikipiki, wakaongeza gia. Mwaka 1977 Joe Breeze, mmoja wa kundi hilo, akaanza kuunda fremu mpya kabisa kwa ajili ya mchezo huo. Shokapu ya mbele ya RockShox ilikuja kutoka 1989, na mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya kwanza ya dunia ya mchezo huu chini ya UCI, shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli, huko Durango, Colorado, Ned Overend na Greg Herbold walishinda wakiwa nayo.

Nimeileta historia hii kwa sababu mpangilio wake bado ni sahihi kwa mnunuzi wa leo. Tairi kwanza, breki pili, shokapu ya mbele tatu, ya nyuma nne. Ukiruka hatua unanunua kitu kinachopendeza kwa macho tu.

Nikiri pia kinachosemwa na upande wa pili, maana kina uzito. Kwenye mbio za baiskeli za nyika, ambazo zimo kwenye Olimpiki tangu Atlanta 1996, waendeshaji wa juu kwa miaka mingi walitumia shokapu moja kwa ajili ya wepesi. Njia za mbio zilipozidi kuwekewa mawe na mirusho, wengi wao walihamia shokapu mbili. Watu wanaohesabu gramu hawakufanya hivyo kwa fasheni. Ila hao wana fundi anayeishughulikia baiskeli kila siku, na baiskeli isiyo na kipande hafifu hata kimoja.

Tairi, ambalo watu hulipita haraka

Ningependa kila anayesoma hapa alipe tairi nafasi kubwa kuliko anavyolipa sasa. Kwenye shokapu moja, tairi la nyuma ndilo kinga yote uliyo nayo upande ule. Tairi la inchi 2.4 hadi 2.6, lisilo na tyubu, lenye kashata zilizoachana kiasi cha kutema tope, linabadilisha baiskeli kuliko kitu kingine chochote unachoweza kufunga.

Upepo ndio siri yake. Mtu wa kilo 75, akiwa na tairi la inchi 2.4 lisilo na tyubu, anaweza kuanzia psi (kipimo cha upepo, pauni kwa inchi ya mraba) 22 au 23 mbele na 25 au 26 nyuma, kisha akarekebisha psi moja moja. Tofauti ya psi mbili unaisikia wazi. Likijaa mno, tairi linaruka kila kijiwe na mikono inakufa ganzi. Kwenye mzizi uliolowa linateleza kwa sababu linagusa kwa ncha tu. Likipungua vizuri, linaukumbatia mzizi, sauti yenyewe inabadilika kutoka mlio mkavu hadi mguso mzito. Likipungua mno, kwenye kona utasikia tairi linajikunja ubavuni, na kwenye jiwe rimu itagonga kwa mlio wa chuma. Ukiusikia mlio huo mara moja, ongeza psi mbili kabla hujaendelea.

Kwa tyubu mambo ni magumu zaidi. Ukishusha upepo kiasi hicho, jiwe linaibana tyubu dhidi ya rimu na kuitoboa matundu mawili pembeni kwa pembeni. Kwa hiyo mwenye tyubu analazimika kukaa karibu na psi 30, na kwa kufanya hivyo anaukosa mshiko. Mfumo usio na tyubu hutumia maji mazito ya kuziba yanayozunguka ndani. Mwiba ukichoma, unasikia mlio wa upepo kwa mizunguko michache, matone meupe yanaruka, kisha kimya. Maji hayo hukauka, hivyo yaongezwe kila baada ya miezi michache, na mapema zaidi kwenye joto. Tyubu moja ya akiba ibaki mfukoni, maana mpasuko mkubwa hauzibiki kwa maji.

Sasa fikiria ulinganisho ule uliozoeleka: shokapu mbili yenye matairi membamba ya kiwandani yaliyojazwa psi 40, na shokapu moja yenye matairi niliyoyaeleza. Kwenye kijia cha mizizi, hiyo ya pili itakuwa laini zaidi kwa vitu vidogo vidogo na itashika zaidi kwenye kona. Shokapu hushughulikia mapigo makubwa. Mitetemo midogo, ambayo ndiyo mingi msituni, humezwa na tairi.

Breki, siti na vingine kwa ufupi

Breki za diski zinazotumia mafuta, pistoni mbili au nne, diski ya mbele ya milimita 180 au zaidi kwa mtu mzito au mteremko mrefu. Zikitosha, unafunga kwa kidole kimoja na vingine vinabaki vimeshika usukani. Hapa baiskeli zote mbili ni sawa, isipokuwa kwamba kwenye za shokapu mbili za bei ya chini, breki mara nyingi ndipo gharama inapopunguzwa.

Bomba la siti linaloshuka kwa kubonyeza kitufe si anasa. Siti ikiwa juu kwenye mteremko, huna mahali pa kurudisha nyonga na magoti hayana nafasi ya kukunjika. Kwa mwenye shokapu moja, ambaye miguu yake inafanya kazi mara mbili, naliweka mbele ya karibu kila kitu baada ya tairi na breki.

Magurudumu: ya inchi 29 hupita juu ya mizizi kwa urahisi na hushika mwendo, ya 27.5 hugeuka kwa wepesi na huwafaa zaidi wafupi. Kwa shokapu moja napendekeza 29 bila kusita kama kimo chako kinaruhusu, maana gurudumu kubwa linapunguza kidogo kile ambacho shokapu ya nyuma ingefanya.

Ya mota ni mjadala mwingine. Huko Ulaya, ile inayohesabiwa kuwa baiskeli ya kawaida hukoma kusukuma kwenye kilomita 25 kwa saa, mota yake ikiwa na wati 250. Inawarudishia mlima watu ambao mwili ulikuwa umewanyima. Uliza tu kama inaruhusiwa kwenye vijia vyako kabla ya kulipa, kwa sababu misitu mingine inaikataa.

Matunzo

Shokapu ya mbele inahitaji kufunguliwa chini, kusafishwa na kutiwa mafuta mapya kila baada ya saa 50 hivi za kuendesha. Ya nyuma nayo inadai huduma yake ya chumba cha hewa kwa kipindi kinachofanana, na ule ukarabati mkubwa wa ndani baadaye. Juu ya hapo kuna beringi za viungo vya fremu, ambazo kwenye tope na maji huanza kutu na kukaza. Saa 50 si nyingi: anayeendesha mara mbili kwa wiki kwa saa mbili anazifikisha kwa takriban miezi mitatu.

Ukikaa mbali na fundi anayezijua shokapu, jambo hili pekee linatosha kukupeleka kwenye shokapu moja. Vipuri vya shokapu ya nyuma hutofautiana kwa kila muundo, na baiskeli inaweza kusimama wiki kadhaa ikisubiri sili moja. Ya shokapu moja, ukiiosha kwa maji ya ndoo na brashi bila kuelekeza mpira wa presha kwenye beringi, ukapangusa mnyororo na kuutia mafuta kidogo, karibu umemaliza.

Fedha ile ile

Kwa kiasi kimoja cha fedha utakuta mbele yako shokapu moja mpya iliyokamilika, shokapu mbili mpya ya daraja la chini, na shokapu mbili nzuri iliyotumika. Ya katikati ndiyo ninayoikataa. Uzito wake mkubwa, shokapu isiyorekebishika na viungo vinavyolegea mapema vitakufanya uuchukie mchezo ambao hukupata nafasi ya kuupenda.

Iliyotumika inaweza kuwa bahati nzuri, mradi usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Iinue kwa kushika siti, polepole, gurudumu la nyuma likiwa bado linagusa chini: ukihisi ulegevu wenye mlio wa "tik" kabla gurudumu halijanyanyuka, beringi au bushi zimekwisha. Pitisha ukucha kwenye zile bomba zinazong'aa za shokapu ya mbele na kwenye shina la ya nyuma. Mkwaruzo unaonasa ukucha utakata sili na kuvujisha mafuta. Safisha tope kwenye maungio ya fremu, hasa karibu na viungo na chini ya krenki, utafute nyufa nyembamba kwenye rangi. Ukikataliwa kusafisha, ondoka.

Msitu nao una haki

Tunakwenda huko kwa ajili ya hewa, kivuli, harufu ya majani yaliyooza baada ya mvua, ndege unaowasikia unaposimama na friwili ikanyamaza. Baiskeli zote mbili zinakufikisha. Kuna tofauti moja ambayo sijaiona ikitajwa vya kutosha: kwenye kijia kigumu, mwenye shokapu moja analazimika kukodolea macho mita tano mbele yake, wakati mwenye mbili anaweza kuinua uso na kuiona miti. Kwenye kijia laini ni kinyume chake, maana shokapu mbili inakifanya kijia kiwe kama barabara, na mtu hujikuta akiongeza kasi ili asikie kitu.

Kasi hiyo ndiyo inayoleta ugomvi na watembea kwa miguu. Wao na wenye farasi wapishwe daima, na kwa kawaida anayeshuka humpisha anayepanda. Usifunge breki ya nyuma hadi gurudumu livutwe, kwa sababu mfereji unaouchimba utafuatwa na maji ya mvua ijayo. Ukikuta dimbwi, pita katikati yake. Kila anayelikwepa pembeni anapanua kijia na kukanyaga miche. Na udongo ukiwa umelowa kiasi cha kunasa kwenye kashata na kujaza nafasi kati ya tairi na fremu, geuka, rudi siku nyingine.

Basi, uchukue ipi?

Anayeanza, mwenye vijia vya udongo na mizizi, anayetoka kwa saa moja hadi tatu na anayetaka kujitengenezea baiskeli mwenyewe: shokapu moja, milimita 120 au 130 mbele, gurudumu la 29, tairi pana nyuma. Anayeishi kwenye mawe, au anayekaa njiani siku nzima, au mwenye mgongo unaouma, na ana uwezo wa kuigharamia huduma: shokapu mbili ya milimita 120 hadi 140, si zaidi. Kijana anayetaka kujifunza ufundi hasa, ningemweka kwenye shokapu moja kwa msimu mzima hata kama wazazi wana uwezo wa kumnunulia mbili. Na aliyekwisha kuwa na shokapu moja na anahisi imemwishia, abadilishe matairi kwanza kabla ya kubadilisha baiskeli.

Ukipata nafasi ya kuzijaribu zote mbili, zijaribu kwa haki. Beba kipimo cha upepo na pampu ya shokapu. Pima matairi ya baiskeli zote mbili na uyalinganishe. Kisha rekebisha mzamo, yaani kiasi ambacho shokapu inazama kwa uzito wako tu: vaa kila utakachobeba njiani, mkoba wa maji ukiwemo, simama juu ya pedali huku mwenzako ameshika usukani, sukuma ile pete ya mpira iliyo kwenye shokapu hadi kwenye sili, shuka taratibu bila kuidundisha, upime pete imesogea wapi. Nyuma itafute asilimia 25 hadi 30 ya umbali wote ambao shokapu inaweza kuzama, mbele 15 hadi 25. Halafu chukua kipande kimoja cha kijia chenye mlima, kona na mizizi, ukipite mara mbili kwa kila baiskeli, ile unayoitamani zaidi ukiiendesha kwanza ili isifaidi mwili uliokwisha kupata joto na kuizoea njia. Angalia mahali ulipoweka mguu chini kwenye kupanda na mahali ulipofunga breki kwa hofu kwenye kushuka. Kama ni palepale kwa zote mbili, chukua ya shokapu moja na fedha iliyobaki ipeleke kwenye matairi.